Vigae vya Dari ya Kuning'inia: Kipi Kinafaa Chumba cha Chini ya Ardhi?

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo niko katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba yetu hapa Minnesota, ambamo watoto hucheza majira yote ya theluji, na mezani nimeweka aina nne za vigae vya dari ya kuning'inia, vyote vya futi 2 kwa futi 2. Ninachokiangalia ni hewa tutakayoivuta chini yake.

Tuanze na hiki cheupe chenye vitundu, kigae cha nyuzi za madini, ambacho ni cha bei nafuu na kimejaa madukani. Ndani yake mara nyingi mna pamba ya mawe, karatasi zilizorejelezwa na wanga wa kuvigandisha. Katika ofisi ya ghorofani hakina neno, lakini chumba kilichozungukwa na udongo hupokea unyevu kutoka ukutani na sakafuni. Kigae huunyonya, hubonyea katikati, na ile karatasi na wanga huwa chakula cha kuvu. Sisi tulifunga vya namna hii mwanzoni, na kufikia Agosti uvundo ulikuwa umeingia hata katika mablanketi. Vipo vilivyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, lakini mimi naona afadhali kitu ambacho ndani yake kuvu haipati cha kula.

Cha plastiki ya PVC hakinyonyi maji na hupanguswa kwa kitambaa. Hata hivyo, kikiungua hutoa gesi kali ya hidrojeni kloridi, nami nisingependa kukiweka juu ya vitanda.

Hiki cha nyuzi za kioo ndicho kilichonivutia, kwa kuwa ni chepesi, hakibonyei kwa unyevu na humeza sauti vizuri. Tatizo lake la zamani lilikuwa gundi yenye fomaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitangaza mwaka 2004 kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Siku hizi vinapatikana visivyo nayo, kwa hiyo someni boksi na mtafute alama ya GREENGUARD Gold, yaani cheti cha bidhaa zinazotoa kemikali kidogo hewani.

Cha nne, cha chuma, hakina chochote cha kulisha kuvu, ila huongeza mwangwi. Nimekiweka juu ya mashine ya kufulia, na upande wa watoto nimefunga nyuzi za kioo.

Nunueni pia kipimo cha unyevu, kwani Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani linashauri unyevu wa ndani ubaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50.

Na ikiwa nyumba yako ilijengwa kabla ya miaka ya 1980, usivunje dari iliyopo kabla maabara haijaipima, kwa sababu huenda vigae vyake vina asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu.