Nginx na kurasa za hitilafu: nyota nne kutoka Lamu

Naitumia Nginx, programu ya seva inayowapelekea wageni kurasa za tovuti, kwa tovuti za nyumba za wageni huku Lamu, na ya manahodha wanaopeleka watalii kisiwa cha Manda Toto. Kwa wepesi sina neno, ni nyepesi hata kwenye seva ya bei rahisi. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya kurasa za hitilafu.

Kuweka ukurasa wako wa 404 (namba ya “ukurasa haupatikani”) ni mstari mmoja tu, error_page 404 na njia ya faili. Tabu huanzia kwenye aina ya maudhui, yaani Content-Type, mstari unaokiambia kivinjari kinaletewa kitu gani. Nginx haifungui faili kutazama mna nini ndani, inasoma mwisho wa jina. Likiishia .html itatangaza text/html, likiishia .json ni application/json. Jina lisilo na mwisho wowote huangukia default_type, yaani aina ya akiba, na faili la mipangilio linalokuja na programu yenyewe huwa limeandikwa application/octet-stream, yaani data isiyojulikana ni ya nini. Hapo kivinjari hakionyeshi ukurasa. Kimoja kitataka kupakua, kingine kitagoma kabisa.

Bi mmoja wa Shela alinipigia: “Mwanangu, wageni wanasema wakifungua tovuti yangu simu inataka kushusha kitu. Ni virusi?” Virusi wapi! Fundi aliyetangulia aliliita faili “samahani”, bila nukta wala html, na kila kiungo kilichokufa kilimpeleka mgeni huko. Nikaandika location = /samahani, sehemu ya mipangilio inayohusu njia hiyo tu, ndani yake default_type text/html na internal, ili ukurasa usifunguliwe moja kwa moja kutoka nje. Nikaongeza charset utf-8, inayotaja mfumo wa herufi, maana juu yake palikuwa na salamu kwa hati za Kiarabu zilizotoka herufi za ajabuajabu. Nikapima kwa nginx -t, nikaipakia upya mipangilio, kwisha.

Wapo wanaoshauri uilazimishe aina kwa amri ya add_header Content-Type. Achana nao. Bila neno always, add_header haigusi jibu la 404 hata kidogo, na ukiliweka unaweza kujikuta na Content-Type mbili kwenye jibu moja.

Kilichonikera zaidi ni programu ya simu ya manahodha. Yenyewe inasubiri JSON, data iliyopangwa kwa ajili ya programu, ukiirudishia HTML inazima. Kwa hiyo njia ya /api/, ambayo programu hiyo huombea data, nikaipa error_page yake ya 404 inayoelekea faili la .json. Sasa hapa ndipo penye nyota yangu: ukishaandika error_page hata moja ndani ya location, zote za ngazi ya juu hazirithiwi tena. Ule ukurasa wa 502 (seva ya nyuma haikutoa jibu sahihi) niliouweka juu ukapotea kwa upande wa /api/, ikabidi niuandike upya. Nyaraka zao zinasema hivyo waziwazi, lakini nani anasoma sentensi ile kabla hajaumia?

Apache, programu nyingine ya seva, nayo nimeitumia, na ErrorDocument, amri yake ya kurasa za hitilafu, ni rahisi pia, ila usiipe anwani kamili yenye http://. Itamwelekeza mgeni kwingine na ile 404 haitamfikia.

Ukimaliza, usiamini kivinjari. Kwenye dirisha la amri andika curl -i, inayoonyesha jibu la seva lilivyo, na anwani ya uongo ya tovuti yako, kisha soma mistari miwili: namba ya hali iwe 404, na Content-Type iwe ile uliyoitaka.