TAHADHARI: Kabureta "mpya za Japani" mtandaoni ni kuukuu zilizopulizwa rangi

Wakuu, salaam.

Mwenye TownAce au LiteAce ya injini ya 5K, Corolla au Starlet ya 2E, Hilux ya 2Y, hata mwenye pikapu ya Datsun, naomba usome hii kabla hujatuma hela ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini) kwa mtu yeyote. Kuna muuzaji anazunguka mtandaoni kwa kurasa zinazobadilika majina. Anasema ana duka Gerezani, Kariakoo, lakini ukimwambia unakuja kuiona kabureta dukani, duka "limefungwa leo bosi, nakutumia na boda". Jina lake sitaji kwa sababu hayo anayotumia si yake. Na Gerezani kuna wauza spea waaminifu wengi, sitaki wapakwe matope.

Mchezo huwa unaanzia gereji. Gari inatetemeka ikiwa kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, na ukitoa mguu kwenye mafuta katikati ya foleni inazima. Unaipeleka kwa fundi wa kijiweni. Anafungua boneti, anapiga resi kidogo, anatikisa kichwa: "Mzee, kabureta imekufa hii." Plagi hajafungua, mpira wa hewa hajagusa hata mmoja. Hapo hapo anakupa namba ya "jamaa yangu ana mpya za Japani, boksi halijafunguliwa". Fundi ana cha juu chake pale, hilo lisikushangaze. La kushangaza ni sharti linalofuata: bei ni laki tatu na nusu, ila ukiacha ya zamani unapunguziwa elfu hamsini.

Kabureta iliyokufa wanainunua ya nini? Wanaitaka kwa sababu haijafa. Mara nyingi ina jeti (katundu kembamba ka kupitishia petroli) iliyoziba tu. Wanaiosha, wanaipuliza rangi ya fedha, wanaitia kwenye boksi, na wiki ijayo inapandishwa basi stendi ya Magufuli, Mbezi, inakwenda Mbeya au Singida kwa mtu mwingine kama "mpya".

Mimi ni fundi, na kabureta za huyu bwana zimeshapita mezani kwangu. Ya mwisho aliniletea mzee mmoja mstaafu mwenye TownAce. Alifungiwa huko huko alikoambiwa, gari ikawa inazima zaidi ya mwanzo, alipopiga simu akajibiwa "fundi wako hajui kufunga". Nikaishusha. Kwa mbali inang'aa kweli. Ila rangi ilikuwa imepita juu ya maungio ya vipande, hadi kwenye ukingo wa gasketi, kitu ambacho hakitokei kiwandani kwa sababu vipande hukamilishwa kabla ya kuunganishwa. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimeliwa na bisibisi. Gasketi ya chini ilikatwa kwa mkasi kwenye karatasi ya boksi, na upande mmoja bado ilikuwa na nusu ya herufi iliyochapwa. Nikashika mhimili wa kipepeo (kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta) nikautikisa, ukacheza kama jino la mtoto. Hapo ndipo hewa ilikuwa inaingia, na hakuna skrubu ya kurekebisha inayoweza kutibu hilo. Nikafungua bakuli la mafuta: chini kuna unga mweupe, ule wa maji yaliyokaa muda mrefu yakala chuma. Neno Aisan lilikuwepo ubavuni, maana hao ndio walikuwa wanazitengenezea Toyota nyingi kabureta. Kwa hiyo ni ya Japani kweli, ila ilitoka Japani miaka thelathini iliyopita.

TownAce ya mzee ilikuwa inasumbuliwa na nini? Mpira wa hewa wa busta ya breki (inayokusaidia kukanyaga breki kwa wepesi) ulikuwa umepasuka pale unapoingia kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa na mafuta kwenye silinda. Mpira tu. Kabureta yake nzuri ilikuwa imeshauzwa.

Ndiyo maana nasema kinga ya kwanza ni kujua gari lako linaumwa nini kabla hujasikia neno "mpya".

Anza na swali hili: inasumbua ikiwa ya baridi au ikipata moto? Ikiwaka kwa shida asubuhi halafu ikitulia baadaye, choki (kibati kinachopunguza hewa injini ikiwa ya baridi) haifungi. Ikiwaka vizuri asubuhi, ikipata moto inanuka petroli na kutoa moshi mweusi, choki imeganda haifunguki, au mafuta yanafurika. Kabureta nyingi za Toyota za enzi hizo zina kidirisha cha kioo ubavuni chenye alama. Mafuta yanatakiwa yawe usawa wa alama. Yakiwa juu yake, sindano inayozuia petroli kuingia haizibi au boya linaloisukuma limetoboka, na hivyo vinabadilishwa bila kununua kabureta nzima.

Ikikanyagwa mafuta inakwenda vizuri lakini ukiachia tu inazima, angalia solenoidi ya kukata mafuta, kale kadude kenye waya kaliko kwenye mwili wa kabureta. Fungua swichi taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, chomoa waya wake uurudishe. Lazima usikie "tak". Usiposikia, ama umeme haufiki, ama imekufa yenyewe. Hapa wakuu muwe macho: kuna mafundi wanaolegeza huo waya makusudi ukiwa umekwenda kununua soda. Gari iliyokuja ikitetemeka, sasa haikai sailensi kabisa, na wewe unaamini kwamba kweli imekufa. Kaa karibu na gari lako. Solenoidi ikilia na bado inazima, jeti ya sailensi imeziba. Dalili yake ni kwamba ukizungusha skrubu ya kuchanganya mafuta na hewa, injini haijali. Ifunguliwe, isafishwe, ipulizwe kwa kompresa.

Hewa ya wizi, yaani inayoingia kwenye injini kwa tundu lisilotakiwa, ndiyo inayowapa matapeli hela nyingi kuliko kitu kingine. Injini ikiunguruma, chukua chupa ya kupulizia yenye maji, nyunyiza kidogo kidogo kuzunguka kitako cha kabureta na maungio ya manifoldi, ila usilowanishe distributa, ile inayogawa umeme kwenye plagi. Mlio ukibadilika ulipomwagia, umeshapata tundu. Kisha bana mpira wa busta ya breki kwa plaizi, taratibu usiukate. Injini ikitulia ghafla, tatizo liko huko kwenye busta au mpira wake. Jaribu pia kusogeza choki ifunge kidogo kwa mkono: gari ikitulia, ilikuwa inameza hewa kuliko mafuta.

Na kama ina misi (silinda moja haiwaki) ya mpangilio, tuk-tuk-tuk bila kukoma, iache kabureta kwanza. Chomoa waya za plagi mmoja mmoja injini ikiwa inawaka, kwa kishikio chenye mpira maana shoti yake haina adabu. Ule ambao ukichomoa hakuna kinachobadilika, silinda yake ndiyo haifanyi kazi. Inaweza kuwa plagi, waya, kofia ya distributa yenye ufa, au valvu. Kabureta inalisha silinda zote nne, ni nadra mno kunyima moja peke yake.

Huyu bwana ana bidhaa ya pili: "pampu ya umeme" anayokuuzia kabureta yake ikigoma. Msiguse. Nyingi ni za magari ya EFI (yasiyo na kabureta, mafuta hupulizwa kwa nozeli), zinasukuma kwa presha ya psi 35 na zaidi, wakati kabureta inataka kama 3 hadi 5. Sindano haiwezi kuzuia nguvu hiyo, petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Hiyo tena si hasara ya hela, ni moto barabarani.

Ukilalamika, jibu lake ni lile la "mali ikitoka hairudi". Lisikutishe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia hilo pamoja na bidhaa bandia. Tunza picha ya tangazo, ujumbe wake anaposema "mpya", na meseji ya muamala. Bila hivyo vitatu utabaki kupiga kelele tu. Namba aliyotumia kukutapeli iripoti kwa kuituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wengi wanajua hiyo namba kwa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini hata huyu anahusika.

Kama kabureta inahitajika kweli, nenda mwenyewe na fundi unayemwamini, ishike mkononi, tikisa mhimili wa kipepeo, tazama gasketi, ulipe baada ya kuona. Na ya kwako ya zamani ondoka nayo, hata kama unapunguziwa laki nzima.

Ukurasa wake wa sasa unaweza kufutwa muda wowote, ameshafanya hivyo kabla. Mtamjua kwa picha: kabureta moja ileile juu ya gazeti, sakafu ya vigae vya bluu, na boksi jeupe lisilo na namba ya spea hata moja. Kila akianza upya anairudia hiyo hiyo. Mwenye picha zake nyingine aziweke hapa chini, pamoja na mkoa ambako mzigo ulitumwa.