Mbegu za mrehani: mbegu safi sana, maelekezo ya pakiti ndo yaliniangusha

Jamani kama unapenda mrehani zichukue hizi mbegu, ila yale maandishi ya nyuma ya pakiti usiyafuate. Wameandika fukia sentimita 2, nikatii, wiki mbili nzima udongo kimya hata kimche kimoja hakuna. Bahati nilibakiza nusu. Hizo nikazitawanya tu juu, nikazifunika na udongo kiduchu kama milimita 5 hivi, nikawa nanyunyizia maji kwa vidole, siku ya 6 naamka nakuta vijani viwili viwili kila kona, nilifurahi mno!!

Alafu kabla ya kupanda dondoshea maji mbegu chache kwenye kisosi uone, dakika chache tu kila kambegu keusi kameshavaa ute, utadhani mayai ya chura, na huo ute ndo unatunza maji mbegu isikauke.

Mche ukikua shika shina, utazisikia pembe nne kabisa, ni ukoo mmoja na nanaa. Ukilipikicha jani unapata kaharufu ka karafuu kwa mbali, sababu vyote viwili vina eugenoli, yaani kemikali inayotoa hiyo harufu.

Ndani kuna kikaratasi cha imani za zamani, hicho nimekisoma mara tatu. Pliny yule Mrumi wa karne ya 1 aliandika kwamba mrehani upandwe kwa matusi na laana ndo unasitawi! Mimi siwezi, nikiwa napanda huwa naongea nao polepole. Ila kuna sehemu wamekosea na imeniuma, wamesema mrehani ndo mtulasi ule Wahindu wanaoutukuza kwa ajili ya mungu wao Vishnu. Hapana, ile ni spishi nyingine, Ocimum tenuiflorum, huu wa kwenye pakiti ni Ocimum basilicum, ni ndugu tu, na kitu mtu anachokiabudia kisichanganywe hovyo.

Kutunza si kazi, upe jua masaa 6 au zaidi na usiuache kwenye baridi kali majani yatakuwa meusi. Ukifika jozi nne za majani kata ncha juu kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapochomoza kwenye shina, pale pale yanatoka matawi mawili, na maua yakianza yatoe mapema maana ukishazaa mbegu majani yanadumaa.

Nawapa nyota 4, ya tano imeenda na ile nusu pakiti iliyooza. Zile ncha nilizokata nimeziweka kwenye glasi ya maji, leo siku ya 9 zimeshatoa vimizizi vyeupe.