TAHADHARI: Muuza hisa za kitalu cha "dhahabu na molibdeni" amenitapeli

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Pesa za mirathi yangu zimekwenda kwa mtu aliyeniuzia hisa za kitalu cha madini. Zote.

Nianze na karai la kuoshea dhahabu, maana hapo ndipo aliponimaliza.

Tulisimama juu ya kitalu, jua la utosi. Akafungua mfuko wenye unga wa mwamba, kijivu, laini kama sementi. Akasema umetoka kwenye shimo la tatu walilochoronga, mita 64 chini. Hakuumimina yeye, alinipa mimi. Maji nikaweka mimi. Yeye alisimama pembeni akinielekeza: tikisa, inamisha, mwaga tope, ongeza maji, tikisa tena. Tope likaisha, ukabaki mchanga mweusi, na nyuma ya mchanga ukatokea mkia wa njano, mwembamba kama uzi. Nilizungusha maji juu yake mara tatu, haukusogea. Nilikuwa nimesoma kwamba dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, na sasa naiona imeng'ang'ania chini huku vingine vyote vinakwenda. Akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, mimi sijagusa kitu. Umeosha mwenyewe."

Neno hilo ndilo lililonifunga. Unamshukuje mtu wakati mikono iliyoosha ni yako?

Na msinijie na habari ya pairiti, yale madini ya njano yanayofanana na dhahabu. Nilichukua punje moja nikaigonga kwa nyundo, ikabonyea, haikupasuka. Ilikuwa dhahabu halisi. Aliitia kwenye unga kabla sijafika, basi.

Kisha akanipa jiwe lenye magamba ya kijivu yanayong'aa, yanateleza kidoleni kama grisi. "Hii ndiyo molibdeni, inatiwa kwenye chuma cha pua kisiliwe na kutu. Hukaa na dhahabu." Nilipofika nyumbani nikatafuta, nikakuta Bingham Canyon kule Utah, Marekani, shaba, dhahabu na molibdeni vinatoka mgodi mmoja. Kumbe mtu anaweza kukudanganya kwa jambo la kweli! Nikapiga simu maabara mwenyewe, wakathibitisha kwamba ripoti aliyonionyesha ya gramu 38 za dhahabu kwa tani ni yao. Sasa niambieni, ningehakiki nini zaidi?

Mke wangu aliuliza swali moja tu: haraka ya nini? Nikamjibu kwa ukali. Jioni hiyo hiyo nikalipa, kwa sababu yule mtu alisema kuna mnunuzi mwingine yuko njiani. Hakukuwa na mnunuzi. Hilo la mke wangu linaniuma kuliko pesa.

Wiki tatu baadaye nilimwonyesha mjiolojia zile punje nilizobaki nazo. Alitazama kwa lenzi kidogo tu, akauliza, "Hizi umetoa mtoni?" Zilikuwa za mviringo, kingo zimelainika kama dhahabu iliyosukumwa na maji miaka mingi. Iliyotoka ndani ya mwamba mgumu haikai hivyo. Akauliza tena: nusu ya pili ya mwamba iko wapi? Sikuelewa. Akanieleza kwamba nguzo ya mwamba inayotolewa na mtambo hukatwa kwa urefu, nusu inakwenda maabara, nusu inabaki kwenye sanduku ili mwingine aje apime. Mimi niliambiwa yote imesagwa. Akasema ndivyo walivyofanya kampuni ya Bre-X ya Kanada kule Busang, Indonesia: walisaga yote, unga ukatiwa dhahabu, na mwaka 1997 ikagundulika hakuna mgodi pale. Watu walipoteza mabilioni ya dola.

Maabara nao nikawarudia. "Tulipima unga tulioletewa. Ulikotoka hatukujui." Ndiyo hivyo tu.

Lile jiwe ni kinywe, madini yale yale ya ndani ya penseli. Mjiolojia alilisugua kwenye kigae cha kauri kisichong'arishwa, likaacha mstari mweusi, wakati mstari wa molibdenaiti, madini yanayotoa molibdeni, huwa na rangi ya buluu au kijani kwa mbali. Tena lilikuwa jepesi, molibdenaiti ni nzito zaidi ya mara mbili ya kinywe. Na yule muuzaji kwenye muhtasari wake aliandika "molibdeni asilimia 72". Molibdenaiti safi kabisa, bila mwamba wowote, ina kama asilimia 60, inayobaki ni salfa. Karatasi hiyo ilikuwa mfukoni mwangu siku zote!

Leseni aliyonionyesha ilikuwa nakala, na sikuipeleka kuhakikiwa kwa mamlaka iliyoitoa.

Mtu huyu afungwe. Sitaki kusikia habari ya kusuluhishana. Afilisiwe, arudishe hadi senti ya mwisho, halafu afungwe miaka ambayo akitoka hatakumbuka karai linashikwaje. Amewaliza wazee, amemliza mama mjane ambaye nilimkuta polisi akiwa na unga ule ule kwenye mfuko ule ule. Jina lake liko polisi, hapa siliandiki.

Namba zake zote zimezimwa, na nimesikia sasa anatembeza kitalu kingine, safari hii ni "molibdeni na fedha". Ukiitwa kuosha karai na unga umekuja tayari umesagwa, ondoka. Uliyemlipa, tunza risiti, usifute ujumbe hata mmoja, uniandikie faraghani. Tuko wanne mpaka sasa na tunafungua shauri pamoja.