Kuskani mabamba ya picha za makanisa ya kale, Kisumu: skani safi, usafishaji wa kupindukia

Studio hii ya katikati ya mji ina skana yenye taa kwenye kifuniko, na hiyo pekee inatosha kuipa alama nzuri. Bamba la kioo, lililobeba picha kabla ya filamu, husomwa kwa mwanga unaolipenya. Kwenye skana ya kawaida ya stakabadhi picha hutoka giza. Parokia zenye mabamba ya enzi za wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill, waliofika Kisumu mwaka 1903, zina pa kwenda.

Fundi hushika kingo tu, hupuliza vumbi kwa pampu ya mpira, wala hagusi upande usiong'aa, wenye jelatini, yaani tabaka linaloshika picha. Maji hayatumii, na ni sawa: jelatini ikilowa huvimba na kubanduka. Bamba la inchi 4¾ kwa 6½ huskaniwa kwa nukta 1200 kwa inchi, biti 16, faili ya TIFF (isiyopunguza ubora wa picha) ya karibu megabaiti 89. Flashi diski ya gigabaiti 32 hubeba mabamba 300 bila shida.

Shida ni programu ya "kuboresha", ambayo huwashwa bila mteja kuulizwa. Mabamba mengi ya zamani hayakuhisi rangi nyekundu, ndiyo maana ukuta wa matofali hutoka mweusi na anga jeupe. Programu hung'arisha ukuta na kuchora mawingu. Ukungu unaozunguka madirisha ni mwanga ulioakisiwa na mgongo wa kioo. Vivuli vya watu kwenye mabenchi ni waumini waliosogea lenzi ikiwa wazi muda mrefu. Vyote hufutwa kama uchafu! Mpiga picha Mwingereza Frederick Evans, aliyepiga picha ya ngazi za kanisa kuu la Wells, Uingereza, mwaka 1903, alipinga picha kuguswaguswa hivyo.

Amri ya kunyoosha kuta nayo ikataeni. Kamera za mabamba ziliinua lenzi bila kuinamisha kamera, kwa hiyo kuta zimenyooka tayari. Mnara "ulionyooshwa" hupanuka juu.

Agizeni TIFF kabla haijaguswa, na JPEG iliyosafishwa iwe ya kalenda tu. Kabla ya kulipa, someni maandishi ya jiwe la msingi: yakiwa kinyume, bamba lilipinduliwa na mnara umehamia upande usio wake.

Kwa wanaotoka Mumias au Kaimosi kwa matatu: kila bamba kwenye bahasha yake ya karatasi, yasimame kwa ukingo mrefu, sponji pande zote. Yakilazwa kwa rundo, la chini ndilo hupasuka.