Rififi (1955): "Kaka, sauti imekata?"

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo sina muvi mpya. Nina ya mwaka 1955, ya Kifaransa, haina rangi, na kabla hujanikimbia ngoja nikwambie: hii muvi imetugombanisha nyumbani wiki nzima.

Inaitwa Rififi. Ni neno la wahuni wa Paris, maana yake vurugu, watu kuoneshana ubabe. Kuna jamaa anaitwa Tony le Stéphanois, katoka jela alikokaa miaka 5, hana hela, anakohoa muda wote. Washikaji wanamletea dili la duka la vito pale Rue de la Paix, mtaa wa Paris. Wenzake wanataka kuvunja kioo cha dirishani wachukue wakimbie. Tony anakataa: kama ni kuiba, tunaiba sefu.

Sasa, nakala yangu ya kwanza niliinunua kwenye meza moja mtaani, sitaji wapi. Maandishi ya chini yalikuwa yanachelewa. Mtu anaongea, ananyamaza, anawasha sigara, ndipo maneno yake yanatokea chini ya uso wa mtu mwingine kabisa. Nusura niitupe. Lakini ilipofika sehemu ya wizi shida ikaisha yenyewe, kwa sababu hakuna anayesema kitu. Karibu nusu saa nzima! Hakuna neno, hakuna muziki.

Mdogo wangu akashika rimoti. "Kaka, sauti imekata?" Haijakata. Sikiliza vizuri, utasikia nyundo na pumzi za watu.

Hebu niwaeleze kitu kimoja tu. Wako nyumba ya juu ya duka, wenye nyumba wameshafungwa kamba, wanatoboa sakafu. Ukitoboa sakafu, vipande vinaangukia wapi? Dukani. Na dukani kuna kengele, ukitikisa tu imelia. Basi wakipata tundu dogo wanapitisha mwavuli uliofungwa, unafungukia kule chini kama bakuli, na kila kipande kinadondokea humo. Mwavuli wa kawaida, ule ule wa masika! Na kengele yenyewe wanaijaza povu la kuzimia moto, ikabanwa koo pale pale. Dogo aliweka simu chini, na mnamjua dogo.

Sisi tuliokulia vibanda umiza, DJ anatafsiri juu ya sauti ya picha mwanzo mwisho, nilikuwa najiuliza hapa angefanyaje. Angepiga stori za mke wake, sijui. Inasemekana mtunzi wa muziki, Georges Auric, alikuwa ameshaandika muziki wa sehemu hii, akaoneshwa ikiwa nao na ikiwa haina, na mwenyewe akakubali utolewe. Huyo mzee nampa heshima zote.

Mjomba wangu anasema picha ingeishia pale, wakishapata mzigo, yanayofuata ni mbwembwe. Mjomba, shikamoo, lakini hapana. Kinachofuata ndicho kinachouma. Fundi wa sefu, César, kachomoa pete moja kimya kimya akampe mwimbaji wa klabu anayempenda. Pete moja! Hiyo ndiyo inayowafikisha maadui mlangoni. César anabanwa, anawataja wenzake. Halafu Tony anamkuta amefungwa kwenye nguzo, na wote wawili wanajua sheria yao inasemaje kuhusu mtu aliyetaja. Hawagombani hata. Mimi pale nilisimamisha picha nikaenda kunywa maji.

Na anayecheza César ni mwongozaji mwenyewe, Jules Dassin, katumia jina la Perlo Vita. Mmarekani huyo alifungiwa kazi Hollywood baada ya kutajwa kuwa mkomunisti. Kwa hiyo mtu aliyeponzwa na watajaji anacheza mtajaji. Mwaka huo huo tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, likampa tuzo ya mwongozaji bora.

Lakini kuna sehemu siitetei. Mwanzoni Tony anamfuata Mado, mwanamke wake wa zamani, anamvua vito, anamwambia avue na nguo, anamchapa mkanda. Kamera inageuka, ila unasikia. Dada yangu alinyanyuka akasema, "Huyo ndiye steringi wenu?" akaenda kulala. Kuna wanaosema ndivyo wahuni walivyokuwa. Sawa, lakini picha inaendelea kama vile hakuna kilichotokea, na mimi kila Tony akifanya jambo la kishujaa nilikuwa naukumbuka ule mkanda.

Ushauri: tafuta nakala iliyosafishwa, yenye sauti ya Kifaransa na maandishi yanayokwenda na midomo. Itazame usiku, vaa spika za masikioni. Kwenye daladala usijaribu, utapoteza hela yako. Na nusu saa ya mwanzo inavuta miguu, vumilia.

Mwisho wake, ambaye hajaiona aruke hapa. Tumezoea kusema steringi hafi. Tony yuko kwenye usukani, damu inamtoka, anaendesha kuelekea Paris, miti na anga vinazunguka juu ya gari. Nyuma kuna mtoto wa rafiki yake, mtoto huyo ndiye alikuwa ametekwa, kavaa nguo za kauboi, anachezea bastola ya bandia, kwake ni mchezo. Mama yangu alikuwa amesinzia kwenye kochi tangu wizi. Akafumbua macho, akauliza kitu kimoja tu: "Mtoto kafika kwa mama yake?"

Kafika, mama.