Karakana ya matairi njia ya Mikindani: huduma kwa gari la mwanafunzi wa drifti

Karakana nyingi za matairi mjini Mtwara huishi kwa malori ya saruji na korosho, kwa bajaji na bodaboda, na kwa magari madogo ya watu waendao kazini. Mwanafunzi wa drifti anayetaka kuandaa magurudumu yake lazima apite humo humo, akutane na fundi ambaye huenda hajawahi kuombwa kazi ya namna hiyo, na kumweleza kwamba gari litateleza kiubavu kwa makusudi. Naandika tathmini hii kwa sababu nimepata karakana iliyoielewa kazi hiyo vizuri, na kwa sababu ninaona vijana wengi wanatumia fedha zao kwenye rimu za kung'aa na kusahau mambo mawili yanayolinda uhai wao: tairi la mbele na nati.

Karakana hiyo ipo kando ya barabara itokayo mjini kwenda Mikindani. Haina bango. Ina banda la mabati, kompresa kubwa, mashine ya kuvulia matairi, mashine ya balansi (ya kusawazisha uzito wa gurudumu) na, kitu kilichonivutia kuliko vyote, spana ya torki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza nati, inayotunzwa ndani ya sanduku lake. Gari tulilolipeleka ni Toyota Mark II GX100 ya mdogo wangu, yenye injini ya 1G-FE ya lita 2.0, ambayo huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma. Eneo la kujifunzia lilikuwa kiwanja cha zege cha kuegeshea malori, ambacho mwenyewe alituruhusu kukitumia kwa siku moja huku geti likiwa limefungwa. Barabara za Mtwara ni pana na usiku huwa tupu, lakini hata hivyo hazifai kabisa kwa jambo hili, na fundi mkuu alituuliza tutafanyia wapi kabla hajagusa jeki. Nilimheshimu kwa swali hilo.

Katika drifti, magurudumu ya nyuma hupoteza mshiko kwa nguvu ya injini huku ya mbele yakiendelea kuongoza gari kwa kuelekezwa upande ambao gari linatelezea. Maana yake ni kwamba matairi ya mbele na ya nyuma yanafanya kazi mbili zilizo kinyume, na ni kosa kuyanunua kama seti moja. Tairi la mbele linatakiwa kushika kwa uhakika, kwa kuwa ndilo pekee linalomrudisha dereva katika mstari anapozidiwa. Tairi la nyuma, kwa gari lenye nguvu ya wastani kama GX100, linatakiwa liwe jembamba, gumu na la bei nafuu, ili liachie mshiko mapema, katika mwendo mdogo, na mwanafunzi ajifunze bila kulazimika kukimbia. Wengi hufanya kinyume: huweka matairi mapya mapana nyuma na kuyahamishia mbele yale yaliyochoka. Gari la namna hiyo hukataa kuteleza hadi dereva aongeze mwendo, kisha likishateleza hukataa kuongozwa.

Fundi alilielewa hilo baada ya maelezo mafupi, akashauri tubaki na kipimo cha kiwandani cha 195/65R15 pande zote, yaani upana wa milimita 195, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, na rimu ya inchi 15. Tulikuwa na rimu za inchi 17 zenye matairi ya 215/45 ambazo mdogo wangu alizipenda sana. Kwa hesabu, kimo cha tairi la 195/65R15 ni milimita 634 hivi, na cha 215/45R17 ni milimita 625 hivi, kwa hiyo gari lisingebadilika sana kwa urefu. Hata hivyo ubavu wa tairi la inchi 15 ni milimita 127, wakati wa lile la inchi 17 ni milimita 97 tu, na ubavu mrefu huilinda rimu inapogonga kiungo cha zege. Zaidi ya hapo, matairi ya inchi 15 yaliyotumika ni rahisi kuyapata mjini hapa kwa sababu magari mengi ya nyumbani huyatumia. Rimu za kung'aa zilirudishwa nyumbani, na rimu za chuma za zamani zikachukua nafasi yake nyuma.

Sehemu ya ukaguzi ndiyo iliyonifanya niipe karakana hii sifa kubwa. Matairi ya nyuma tuliyanunua hapo hapo, miongoni mwa yale yaliyovuliwa kwenye magari ya wateja, na fundi mkuu aliyapitia moja moja kwa mkono na kwa tochi, ndani na nje. Alisoma namba nne za mwisho katika alama ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi moja lilikuwa na kashata (michirizi ya juu inayokanyaga barabara) nzuri kabisa, lakini lilisomeka 1113, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2013, na ubavuni lilikuwa na nyufa nyembamba kuzunguka lote.

"Dada, hili silifungi," alisema. "Likipata joto, ngozi ya juu inabanduka yote, na ikibanduka inapiga bodi na mabomba ya breki. Mchukulie mdogo wako lingine, hata la bei rahisi, lakini lisiwe na umri huu."

Aliyoyasema ni kweli tupu. Mpira huzeeka kwa jua na joto hata kama haujatembea, na joto la drifti huyatenganisha matabaka yaliyokwisha kulegea. Alikataa pia tairi lililovimba ubavuni na jingine lililozibwa pancha karibu na bega la tairi. Yale aliyoyakubali yalikuwa yamekaribia vile vijino vya kuonyesha uchakavu, ambavyo hukaa kwenye kimo cha milimita 1.6, na hilo halikuwa na ubaya wowote kwa kazi ya nyuma kwenye eneo lililofungwa. Fundi anayeweza kukataa kuuza tairi ambalo mteja tayari amelikubali kwa macho anastahili kuaminiwa.

Kwa upande wa mbele tulinunua mawili mapya ya kipimo hicho hicho, yenye maandishi 91H ubavuni, yaani kila moja linabeba hadi kilo 615 na limeidhinishwa kwa mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Hayo ndiyo yaliyokula fedha nyingi, na ninaona ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kazi ya kufunga ilinipa picha ya mchanganyiko. Hewa ya chumvi ya pwani yetu huacha kutu kwenye uso wa habu, yaani kitovu ambapo rimu hufungwa, na kutu hiyo huizuia rimu kukaa sawasawa. Nati zikikazwa juu yake, zitalegea mara kutu itakaposagika. Fundi alisugua kila habu kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana, akafuta vumbi, na akasugua pia midomo ya rimu mahali tairi linapokaa ili upepo usivuje. Valvu zote za mpira zilibadilishwa. Vifuniko vya plastiki vya rimu vilivuliwa na kuwekwa kwenye buti, kwa kuwa huruka gari linapoteleza.

Kuhusu nati, alitufundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika karakana nyingine hapa mjini. Baadhi ya rimu za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa, ilhali rimu za chuma na nyingi za madukani hutumia nati yenye ncha ya koni. Boliti ni za milimita 12 na uzi wa 1.5 katika zote mbili, kwa hiyo nati isiyo yake itaingia na itakaza bila kulalamika, lakini eneo inaloshika ni dogo na gurudumu litacheza. Alizitenganisha aina hizo mbili za nati katika makopo mawili na kuandika kwa rangi. Kila anayebadilisha rimu mara kwa mara afanye hivyo.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipotokea. Kijana msaidizi alizikaza nati kwa mashine ya upepo hadi mwisho, kisha akachukua spana ya torki na kuisikiliza ikilia, akahesabu kazi imekwisha. Spana ya torki hulia pia juu ya nati iliyokazwa kupita kiasi, na boliti iliyovutwa kupita kiasi inaweza kukatika baadaye. Fundi mkuu alimsimamisha, akalegeza zote, na kuzikaza upya kwa mkono kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa bado juu, kisha akamalizia kwa nyutoni-mita 103 magurudumu yakiwa yamegusa chini. Nilifurahi kwamba lilirekebishwa mbele yetu bila kubishana, lakini mteja asipokuwepo nani atamsimamisha kijana? Kaeni hapo hadi kazi iishe.

Balansi ilifanywa kwa magurudumu ya mbele tu. Fundi alieleza kwamba matairi ya nyuma yatapoteza mpira kwa namna isiyo sawa ndani ya muda mfupi, kwa hiyo uzito wa balansi ungekuwa fedha iliyotupwa. Alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, aliiacha kwenye vipimo vya kiwandani baada ya kutikisa tai rodi na beringi na kuridhika kwamba hazichezi.

Suala la upepo linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndipo ushauri mbaya ulipo mwingi. Watu huambiwa wapunguze upepo wa nyuma, na kwa gari lenye nguvu nyingi linalotafuta mshiko hilo lina maana. Kwa mwanafunzi mwenye injini ya lita 2.0, upepo mdogo humletea mshiko asioutaka na, kibaya zaidi, tairi linaweza kuchomoka kwenye mdomo wa rimu linaposukumwa kiubavu. Tulikubaliana psi 32 mbele na psi 40 nyuma (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), matairi yakiwa ya baridi. Joto hupandisha shinikizo kwa karibu psi 2 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi, na tairi linalodrifti hupata joto kubwa kuliko la barabarani, kwa hiyo ilibidi kuusoma kwanza ukomo ulioandikwa ubavuni, ambao kwa matairi mengi madogo ni psi 44 au 51. Tuliyachagua ya 51 kwa ajili ya nyuma. Kasoro ya pili ilikuwa hapa: kipimo cha kompresa ya karakana kilionyesha psi 3 zaidi ya kipimo chetu cha mkononi, na tulipokilinganisha na kipimo cha pili walichokuwa nacho kabatini, chetu ndicho kilichokubaliana nacho. Kwa lori tofauti hiyo ni ndogo. Kwa kazi hii inatosha kubadili tabia ya gari, hivyo chukueni kipimo chenu.

Siku yenyewe ilithibitisha maandalizi. Tulimwaga maji ya boza sehemu moja ya zege ili mdogo wangu aanze kuzunguka mduara kwa mwendo mdogo, na kwenye maji matairi hayakulika karibu hata kidogo. Zege lilipokauka mambo yalibadilika, kwani zege lenye mikwaruzo husaga mpira haraka sana. Gari bado lina difu ya kawaida (gia inayogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili ya nyuma), inayopeleka mzunguko kwenye gurudumu lenye mzigo mdogo, kwa hiyo tairi la ndani ya mduara liliisha mapema huku la nje likiwa bado na kashata. Tulilazimika kumgeuza dereva azunguke kinyume. Baada ya mzunguko wa kwanza tulizikagua nati zote kwa torki na baadhi zilikubali kukaza kidogo tena, jambo la kawaida kwa rimu iliyofungwa upya. Matairi ya mbele yalirudi nyumbani yakiwa mazima, na hakuna tairi lililochomoka wala kubanduka.

Kuhusu gharama, tulilipa shilingi 5,000 kwa kila tairi kuvuliwa na kufungwa, shilingi 5,000 kwa balansi ya kila gurudumu la mbele, na shilingi 35,000 kwa kila tairi lililotumika. Usafishaji wa habu haukutozwa. Naona bei hizo ni za haki. Kinachochosha ni kusubiri: msimu wa korosho malori hupewa nafasi ya kwanza, na umeme ukikatika kompresa husimama kwa kuwa hawana jenereta. Ni vyema kupeleka rimu peke yake siku mbili kabla, zikafungwa matairi kwa utulivu, kisha gari lipelekwe kwa ajili ya habu na nati tu. Mwanafunzi achukue angalau jozi mbili za ziada za nyuma zilizokwisha kufungwa kwenye rimu, jeki ya chini na stendi mbili, maana kubadilisha tairi juu ya jeki peke yake kwenye zege lililolowa ni hatari.

Matairi yaliyoisha wanayapokea bila malipo. Yale ambayo waya haujatokeza huchukuliwa na washona katambuga, na yaliyobaki wanayapanga nyuma ya banda badala ya kuyachoma. Ijumaa hufunga tangu adhuhuri hadi sala ya Ijumaa iishe, na Jumapili hufanya kazi nusu siku. Mwombeni fundi mkuu mwenyewe, na mwambieni mapema kwamba gari ni la kudrifti, ili atenge muda wa kuyakagua matairi moja moja.